Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Watumiaji wa Programu Huria na Maombi Yao kwa Watengenezaji

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya walimu, makarani, wahudumu wa zahanati, wenye maduka ya uchapaji na watunza maktaba wa Lamu, Shela, Matondoni, Faza na Mokowe wanaotumia programu huria katika kazi zao, na ambao wamewahi kuomba jambo fulani liongezwe au lirekebishwe, wakapewa jibu lililowakera au wasijibiwe kabisa. Maswali haya tumeulizwa ana kwa ana, darasani na barazani, na mengine tukiwa gatini tukisubiri boti. Tumejibu kwa urefu pale ambapo jambo lenyewe ni zito, na kwa ufupi pale ambapo halihitaji maneno mengi.

Programu huria ni mali ya nani, na uhuru wenyewe ni upi?

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa ambayo programu imeundwa kwayo, uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuugawa. Fikra hii ilipata umbo lake mwaka wa 1983, Richard Stallman alipoutangaza mradi wa GNU nchini Marekani. Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, tuna mfano ulio karibu nasi zaidi, nao ni kisima cha wakfu. Aliyekichimba akakiweka wakfu hawezi kurudi kesho akakifunga, wala hana haki ya kuchagua nani ateke na nani asiteke. Hata hivyo hakuahidi kuteka maji na kuyafikisha katika kila nyumba, na mtu akimwendea na ndoo tupu akimdai, atastaajabu.

Leseni ya GPL ya mradi huo, ambayo toleo lake la pili lilitolewa mwaka wa 1991 na ndiyo inayotumiwa hadi leo na Linux, kiini cha mifumo huria ya kuendeshea kompyuta, inatamka wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Ugomvi karibu wote unaoelezwa hapa chini unatokana na kuchanganya mambo mawili: ruhusa ya kuitumia kazi iliyokwisha kufanywa, na haki ya kudai kazi ambayo bado haijafanywa. Ruhusa hiyo leseni inaitoa kwa ukamilifu. Haki hiyo haitajwi popote.

Ombi langu lilikuwa dogo mno. Kwa nini walilikataa?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na tungependa kulijibu kwa mfano wetu wenyewe. Chukulia kwamba mwalimu mmoja wa Langoni anaomba programu ya kalenda ionyeshe saa za Kiswahili, yaani miadi ya saa tatu asubuhi iandikwe saa tatu, wala si saa tisa kama kompyuta inavyoandika. Kwa macho ya mwombaji kazi hiyo ni kutoa sita au kuongeza sita, hesabu ambayo mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Sasa tuitazame kutoka upande wa mtengenezaji. Kalenda hiyo hutuma mialiko kwa watu wengine. Mwaliko ukifika Oslo, je, usome saa tatu au saa tisa? Kengele ya kumkumbusha mtu ilie kwa hesabu ipi? Orodha ya miadi ikipangwa kwa mfuatano wa saa, saa moja ya asubuhi inatangulia saa kumi na moja ya alfajiri, ilhali alfajiri ndiyo inayokuja kwanza. Kisha liko suala ambalo mwenyeji wa pwani analijua vizuri: kwetu siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na kompyuta inauhesabu kuwa ni Alhamisi. Kalenda imfuate nani? Mtu wa bara anayezungumza Kiswahili hichohicho huenda akaielewa kauli hiyo kinyume, naye pia ni mtumiaji.

Baada ya hayo yote kuamuliwa, msimbo huandikwa, hujaribiwa katika mifumo mbalimbali, huelezwa katika mwongozo, na maneno yake hutafsiriwa katika kila lugha ambayo programu inapatikana. Na hata hapo kazi haijakwisha. Kila toleo jipya litakapotoka, miaka mitano au kumi baadaye, mtu atalazimika kuhakikisha kwamba saa za Kiswahili bado zinafanya kazi, hata kama mwalimu aliyeziomba ameshahamia programu nyingine. Mtengenezaji anapoliangalia ombi, gharama anayoihofia zaidi ni hiyo ya utunzaji wa miaka ijayo, na siku mbili tatu za kuandika msimbo ni sehemu ndogo tu ya hesabu yake. Mafundi wa mashua wa Matondoni wanalifahamu jambo hili vyema kuliko sisi, kwa kuwa chombo kinachoteremshwa majini kitadai kalafati mwaka baada ya mwaka, na ubao ulioongezwa kwa hisani nao utadai kalafati yake.

Hatusemi kwamba ombi la saa za Kiswahili ni baya. Sisi wenyewe tungelifurahia. Tunasema tu kwamba anayelikataa hana budi kuwa na sababu nyingine zaidi ya ukaidi, na sababu hizo zinastahili kusikilizwa kabla ya kukasirika.

Niliambiwa, “Msimbo uko wazi, tengeneza mwenyewe.” Je, hiyo si dharau?

Mara nyingi ni jibu la uvivu, na tunalisema hilo bila kusita. Muuguzi wa zahanati ya kisiwani ambaye amechukua saa nzima ya mapumziko yake, kwa data aliyoinunua kwa pesa zake, ili aeleze kwamba fomu inapoteza taarifa mtandao unapokatika, amekwisha kuchangia. Aisifuye mvua imemnyea, na muuguzi huyo ameloa kwa namna ambayo mtengenezaji aliyekaa penye umeme na mtandao wa uhakika hawezi kuiona. Kumwambia ajifunze lugha ya programu ndipo asikilizwe ni kuutupa ushahidi ambao mradi usingeupata kwa njia nyingine.

Lakini maneno hayohayo huweza kusemwa kwa nia njema, na inafaa kusoma yaliyoyatangulia na yanayoyafuata. Mtengenezaji akisema, “Mimi sina nafasi ya kulifanya, ila mtu mwingine akilifanya vizuri nitalipokea,” hapo amekupa habari yenye thamani: ombi halikukataliwa kwa msingi, limekosa mikono. Unaweza basi kumtafuta mwanafunzi wa chuo anayehitaji kazi ya mradi wake wa mwisho, au kikundi cha watumiaji wengine wenye haja kama yako. Akisema, “Hata likiandikwa sitalipokea,” hiyo pia ni habari, na inakuokoa usipoteze muda.

Kwa nini wanabadilisha vitu tulivyovizoea bila kutuuliza?

Toleo la 2.8 la GIMP, programu ya kuhariri picha, lilitoka mwaka wa 2012 likiwa na badiliko moja lililowakasirisha watu wengi. Tangu hapo amri ya kuhifadhi imekuwa ikihifadhi faili katika muundo wa GIMP pekee, na anayetaka JPEG au PNG hana budi kutumia amri ya pili ya kusafirisha nje. Watengenezaji walikuwa na hoja: picha ikihifadhiwa kama JPEG hupoteza tabaka zake na sehemu ya ubora wake, na watu walikuwa wakiiharibu kazi yao bila kujua. Mwenye duka la uchapaji anayepunguza ukubwa wa picha za pasipoti arubaini kwa siku hana tabaka lolote la kulinda, na kwake badiliko hilo ni hatua ya ziada mara arubaini. Wote wawili walisema kweli. Walikuwa wanazungumzia kazi mbili tofauti zinazofanywa kwa programu moja.

Jambo kama hilo lilitokea mwaka wa 2011, GNOME 3, toleo jipya la programu inayopanga meza ya kompyuta (uso wa skrini) katika mifumo ya Linux, ilipouondoa mpangilio ambao watu walikuwa wameuzoea. Waliochukizwa hawakuishia kulalamika. Wengine waliendeleza msimbo wa zamani kwa jina la MATE, na watu wa Linux Mint, mmojawapo wa mifumo hiyo, wakaanzisha meza yao wenyewe, Cinnamon. Kompyuta kuukuu zinazoletwa kwetu kama misaada tunaziwekea MATE hadi leo, kwa kuwa ni nyepesi, kwa hiyo ugomvi ule wa mbali umetufaa sisi huku.

Kuhusu kuulizwa: mara nyingi watu huulizwa, ila huulizwa mahali ambapo watumiaji wa kawaida hawafiki, kwa Kiingereza, na miezi mingi kabla toleo halijatoka. Huu ni upungufu wa kweli, na lawama yake tunaiweka kwa watengenezaji zaidi kuliko kwa watumiaji.

Je, kuna ombi lililokataliwa kwa miaka mingi kisha likakubaliwa?

Yapo. Blender, programu ya kutengeneza picha za pande tatu, ilikuwa na desturi ya kuchagua vitu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kinyume cha karibu kila programu nyingine. Wageni walilalamika miaka nenda miaka rudi, na wazoefu wakaitetea desturi yao kwa nguvu. Toleo la 2.80, lililotoka Julai 2019, liliuhamishia uchaguzi kitufe cha kushoto, likawaachia wanaopenda desturi ya zamani njia ya kuirejesha. Suluhisho hilo lilikuja pale ambapo mradi ulikuwa unaujenga upya uso mzima wa programu, na hapo ndipo gharama ya kubadilisha ilipokuwa ndogo. Ombi lililo sahihi huweza kukaa sana likisubiri wakati wake.

Nitaliandikaje ombi ili lisikilizwe?

Eleza haja kabla ya kupendekeza dawa. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na tunakosea kwa sababu tumeshalifikiria tatizo kwa muda mrefu mpaka tumelisahau, likabaki suluhisho peke yake kichwani. Mtunza maktaba anaandika, “Ongezeni kitufe chekundu kwenye ukurasa wa kwanza.” Mtengenezaji anasoma, anaona kitufe kimoja zaidi katika ukurasa uliojaa vitufe, anakataa. Laiti angeandika kwamba wanafunzi huja wote kwa pamoja saa saba mchana baada ya masomo, kwamba kompyuta ni moja, na kwamba kurejesha kila kitabu kunahitaji kurasa tatu kufunguka kwa mtandao wa simu, basi huenda angejibiwa kwamba ipo tayari njia ya kurejesha vitabu vingi kwa mkupuo, au huenda mtengenezaji mwenyewe angebuni jambo bora kuliko kitufe.

Taja toleo la programu unalotumia, mfumo wa kompyuta, na hatua ulizozifuata moja baada ya nyingine. Tafuta kwanza kama mwingine ameshaomba jambo hilo, na kama lipo, ongeza maelezo ya hali yako pale pale, usifungue ombi la pili. Ombi moja liwe na jambo moja. Usichanganye hitilafu na ombi, kwa kuwa hitilafu ni pale programu inaposhindwa kufanya ilichoahidi kufanya, na ombi ni pale unapotaka ifanye ambacho haikuahidi; ya kwanza hushughulikiwa haraka zaidi katika miradi mingi, na anayelipamba ombi lake kwa jina la hitilafu hugunduliwa mapema.

Kuhusu lugha, usijizuie kwa sababu Kiingereza chako si cha kitabuni. Sentensi fupi zenye ukweli zinatosha, na picha ya skrini huongea lugha zote. Na usiache kueleza mambo ya kwetu ukidhani yanajulikana. Mtengenezaji aliye mbali hajui kwamba orodha ya wagonjwa hubebwa kwa boti, wala hajui kwamba nusu ya majina ya wanafunzi wako ni Mohamed, Omar na Fatma, na kwa hiyo programu inayotafuta watu kwa jina moja tu haikufai.

Tukiwa wengi tukalishinikiza ombi kwa pamoja, halitakubaliwa haraka?

Inategemea mnaleta nini. Mwezi wa Juni 2019 Canonical, kampuni inayotengeneza mfumo wa Linux uitwao Ubuntu, ilitangaza kuacha kutayarisha vifurushi vya programu za biti 32, yaani za aina ya zamani. Watu wa Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, na wa Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta, walieleza kwa kinaganaga ni programu na michezo ipi ingekufa, na siku chache baadaye kampuni ikatangaza kwamba vifurushi vilivyochaguliwa vingeendelea kutolewa. Kilichofanya kazi pale ni maelezo, pamoja na wingi wa walioguswa.

Shinikizo lisilo na maelezo lina hatari yake, na kisa cha xz ni kizito kiasi kwamba tunakisimulia katika kila darasa. Xz ni programu ndogo ya kubana faili, iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Mwaka wa 2022 zilianza kumjia barua kutoka kwa majina yasiyojulikana, zikimlaumu kwamba anachelewa, kwamba watumiaji wanateseka, na kwamba ampishe mwingine. Katika kujibu, alieleza kwamba afya yake ya akili haikuwa nzuri. Hatimaye alimkabidhi sehemu ya mamlaka msaidizi aliyeonekana mwenye bidii, na msaidizi huyo ndiye aliyeingiza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mlango huo uligunduliwa mwezi wa Machi 2024 na Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kwa nini kuingia katika seva kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi wanaamini kwamba zile barua za lawama zilikuwa sehemu ya njama. Linalotuumiza sisi ni kwamba hazikutofautiana sana na barua ambazo watumiaji wa kweli, wasio na njama yoyote, huandika kila siku.

Je, tunaweza kulipia kipengele tunachokitaka?

Ndiyo, na hakuna leseni huria inayokataza. Mfano mzuri ni Koha, mfumo wa maktaba ulioanza kutumika New Zealand mwaka wa 2000 baada ya maktaba za Horowhenua kuilipa kampuni ya huko iutengeneze, kisha zikautoa kuwa huria. Jina lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Hadi leo vipengele vyake vingi huongezwa kwa njia hiyohiyo: maktaba moja, au kadhaa zikichangishana, humlipa mtengenezaji, na matunda huwafikia wote.

Sisi huku tumezoea vyama vya kuchangishana, kwa hiyo jambo hili si geni. Shule tano zenye haja moja zikichanga, hufika mbali kuliko shule moja inayolalamika. Ila ulizeni kwanza kama mradi utalipokea jambo hilo katika toleo lake kuu. Mkilipia msimbo ambao mradi hautaki kuutunza, mtabaki na toleo lenu peke yenu, na kila mwaka mtalipa tena ili lisiachwe nyuma.

Pia msisahau kwamba kuchangia utunzaji, hata bila ombi lolote, kuna maana. Mwaka wa 2014 ilipogunduliwa hitilafu ya Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, watu walishtuka kusikia kwamba taasisi yake ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka.

Tukikataliwa kabisa, tunaweza kuuchukua msimbo tukaanzisha programu yetu?

Haki hiyo mnayo. LibreOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu za ofisini, ilizaliwa hivyo mwaka wa 2010, watengenezaji wengi wa OpenOffice.org walipojitenga. Lakini wao walikuwa watengenezaji. Kwa kundi la watumiaji, haki hii ni kama haki ya kujijengea jahazi: ipo, na mbao, misumari na mafundi ni juu yenu.

Watengenezaji nao wana wajibu gani kwetu?

Kisheria, mdogo sana. Kiutu, upo, na tunaudai kwa sauti. Wanapaswa kusema hapana iliyo wazi pale wanapojua jibu ni hapana, kwa kuwa ombi linaloachwa wazi miaka minane bila neno linamfunga mtu katika matumaini. Wanapaswa kutaja sababu, hata kwa sentensi moja. Debian, mradi unaotengeneza mfumo mwingine wa Linux, katika mkataba wake wa kijamii wa mwaka wa 1997, iliahidi kutoyaficha matatizo na kuziacha taarifa zote za hitilafu wazi kwa umma. Mradi ukiwa na ahadi kama hiyo, mtumiaji anajua mahali pa kusimama. Na wanapaswa kujua kwamba mtu anayelalamika ni mtu ambaye bado anaitumia programu yao. Walioondoka hawaandiki.

Nimekwisha kuandika kwa hasira. Nifanye nini?

Mwandishi wa ukurasa huu amewahi kufanya hivyo. Nilikuwa nikinakili utendi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, na programu niliyokuwa nikiitumia ilivuruga mpangilio wa vipande vya ubeti kila nilipoweka nambari. Niliandika usiku, nikasema kwamba programu hiyo haiwajali watu wasioandika Kizungu. Asubuhi niliyasoma maneno yangu nikaona haya, kwa kuwa aliyeiandika sehemu ile ya msimbo naye, kama nilivyokuja kufahamu, lugha yake ya kwanza huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Nilirudi palepale nilipomlaumu, hadharani, nikaomba radhi kwa maneno machache bila kujitetea, kisha nikaambatisha picha ya ukurasa mmoja wa mswada na picha ya namna programu ilivyouonyesha. Alijibu siku ya tatu. Aliuliza herufi tunayotumia kwa sauti ya ng’ ni ipi, na kama nambari za beti zinapaswa kukaa kulia au kushoto. Nilikwenda kumuuliza mzee mmoja wa Mkomani anayezisoma tendi hizo tangu utoto, naye akaniambia kwamba katika miswada aliyoizoea nambari hazikuwepo kabisa. Hilo nimeliandika pia katika ombi, na ombi bado liko wazi.